82 au 76.5? Themostati ya Land Cruiser kuukuu Dodoma

Pikapu yangu ni Land Cruiser HZJ75, yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda sita, cc 4,164, haina turbo. Niliinunua ikiwa imeshazeeka, na wiki ya kwanza tu nikakuta nyumba ya themostati iko tupu. Aliyeitoa simjui, ila maneno aliyoyasema nayajua, maana kuanzia Kibaigwa hadi Manyoni gereji nyingi zinasema hayo hayo: "Kaka, Dodoma hii jua kali, hiyo ya nini? Toa, maji yapite."

Maji yalipita kweli. Julai, asubuhi za nyuzi 13 na upepo wake, natoka mjini nafika Bahi mshale wa joto haujafika hata robo, na moshi mweupe nyuma unanuka dizeli mbichi. Oktoba gari hilohilo, limebeba saruji, likachemsha nikiupanda mlima wa Saranda baada ya Kintinku. Asubuhi injini baridi, mchana inachemsha. Mtu anaweza kudhani ni magonjwa mawili tofauti, kumbe chanzo chake kilikuwa tundu moja.

Themostati ni kopo dogo la shaba lililojazwa nta. Nta ikipata moto inayeyuka, inavimba, inasukuma kijiti, na vali inafunguka. Sergius Vernet ndiye aliyebuni aina hii Marekani miaka ya 1930, na hadi leo ndiyo tunayofunga. Ya 1HZ inafanya kazi mbili kwa pamoja. Vali kubwa inafungua njia ya kwenda kwenye rejeta. Wakati huohuo kisahani cha chini kinaziba njia ya mkato, ile inayorudisha maji kwenye injini bila kuyapitisha kwenye rejeta. Ukiing'oa, njia zote mbili zinabaki wazi siku zote. Asubuhi, maji ambayo hayajapata moto yanakwenda kupozwa bure. Mlimani, maji ya moto yanakata mkato na kurudi injini yakiwa na moto wao, saa ambayo kila lita ilitakiwa ipite kwenye rejeta.

Kwa hiyo kuirudisha mimi na fundi wangu wa sasa hatukubishana. Tulibishana namba.

Kwa 1HZ zipo za nyuzi 76.5 na za 82. Fundi alishika 76.5, akisema huku kwetu ni joto, acha ifunguke mapema. Hoja yake ina mantiki, na gari linaloshinda mchanga wa pwani na mzigo ningelifungia hiyo bila maswali. Lakini ile namba inasema vali inaanza kufunguka lini. Haisemi injini itakaa na joto gani. Ya 82 inakuwa wazi kabisa ikikaribia 95, ya 76.5 inatangulia kidogo. Katikati ya mlima wa Saranda, maji yakishagonga 95, zote mbili ziko wazi na hakuna tena ya kuchagua. Kuanzia hapo kazi ni ya rejeta, feni na mfuniko. Faida ya nyuzi tano na nusu inaliwa mwanzoni mwa mlima.

Asubuhi ndiyo inayoamua. Uwandani hapa, mita 1,100 na ushee juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 10, na injini isiyo na turbo tayari inavuta pumzi pungufu. Ukiiendesha ikiwa baridi, dizeli haiungui yote. Iliyobaki inateremka kwenye kuta za silinda, inaosha oili, kisha inachanganyika nayo chini. Pikapu yangu inakwenda safari fupi nyingi kuliko ndefu, na oili yake ilikuwa inanuka dizeli kila nilipochomoa kijiti cha kupimia. Nikachagua 82. Mwenye Land Rover ya 300Tdi asinifuate kwa hilo: yake kiwandani ilipangiwa 88.

Kabla ya kufunga tuliipima. Sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, themostati imening'inizwa kwa uzi isiguse chini, na kipimajoto pembeni. Kwenye 81 ikaachia mstari mwembamba kama ukucha. Tulipokaribia 95 ilikuwa imeinuka milimita tisa hivi. Kisha maji yakaanza kutokota na kipimajoto kikagoma kwenye 96, kwa sababu kwa mwinuko huu maji ya sufuria wazi hayapandi zaidi ya hapo. Fundi anayepima ya 88 kwa njia hii aliangalie hilo kwa makini. Hiyo inahitaji karibu nyuzi 100 ili ifunguke yote, kwa hiyo kwenye sufuria ya Dodoma itaonekana mbovu nayo ni nzima.

Ile 96 ndiyo iliyonishtua. Mfuniko mzima wa rejeta, ulioandikwa 0.9, unabana maji kiasi kwamba hayachemki hadi yafike 115 hivi. Nikaufungua wangu na kuukunja mpira wake kwa kidole: umepasuka pande mbili, springi imelegea. Tulikuwa tunagombania nyuzi tano na nusu, huku mfuniko umetupotezea karibu 20.

Rejeta nayo tuliiosha kwa maji kutoka upande wa injini kwenda nje. Zikatoka mbegu za nyasi na vumbi jekundu lililoshikana kama tope la ukutani, na ndani mlikuwa na utando mweupe wa chokaa ya maji ya kisima. Siku hizi naweka kulanti tu.

Themostati tuliifunga njuga yake ndogo ya kutolea hewa ikiwa juu, hewa ipate pa kutokea, tukaacha injini ingurume rejeta ikiwa wazi mpaka mapovu yakaisha. Ile ya 76.5 aliyoinunua fundi ilikuwa bado kwenye boksi lake. Tuliirudisha dukani, tukabadilishana na mfuniko mpya.