Moto, Nguvu na Afya: Uhakiki wa Istilahi za Chaja ya Kompyuta Mpakato

Miongoni mwa maandiko yanayofika mezani petu ili yakaguliwe lugha kabla hayajapigwa chapa, ni machache yanayogusa mfuko wa msomaji kama maelekezo ya matumizi ya vyombo. Hadithi ikitafsiriwa vibaya, msomaji hukosa starehe. Maelekezo ya chaja yakitafsiriwa vibaya, msomaji huunguza kompyuta aliyoinunua kwa akiba ya miezi mingi. Ndiyo sababu tumeonelea kuhakiki hapa, kwa kirefu kidogo kuliko desturi, mwongozo wa kurasa chache uliotungwa kwa ajili ya walimu na makarani wa wilaya za Kinondoni na Temeke, ukiwaeleza namna ya kuchagua chaja ya kompyuta mpakato na kuitunza betri yake. Ofisi iliyoutoa hatuitaji, kwani kasoro tutakazozionyesha zimeenea katika maandiko mengi ya namna hiyo.

Kabla ya kuuhukumu mwongozo wenyewe, yafaa tusikilize wasemavyo wananchi. Katika vibanda vya vifaa vya umeme vya Tandika, Mbagala Rangi Tatu, Mwananyamala na Mwenge, mnunuzi hamwulizi muuzaji habari za wati. Humwambia, “Kaka, naomba chaja yenye moto mkubwa, hii yangu inachaji polepole.” Muuzaji naye humhakikishia kuwa chaja ile ina moto. Neno hili tusilidharau. Tangu zamani fundi akisema waya una moto, kila aliyemo nyumbani amejua asiuguse, na hakuna kamusi iliyompatia neno fupi zaidi wala la hadhari zaidi. Lakini kwa mnunuzi wa chaja, moto ni neno lililobeba mizigo mitatu kwa wakati mmoja: volti, ampea na wati. Mizigo hiyo haichukuliwi kwa namna moja.

Msomaji asiyekuwa fundi atuvumilie kidogo. Volti ni msukumo wa umeme, kama vile urefu wa mnara uliobeba tangi la maji. Ampea ni wingi wa mkondo unaopita, kama maji yanayopita katika bomba. Wati ni zao la hivyo viwili. Chaja iliyoandikwa volti 19.5 na ampea 3.34 ni chaja ya wati 65. Yenye volti hizo hizo na ampea 2.31 ni ya wati 45. Na yenye ampea 4.62 ni ya wati 90. Sasa kanuni ya kununua chaja ya pini ya duara ni hii: volti sharti zilingane na zile zilizoandikwa chini ya kompyuta, lakini ampea, na kwa hiyo wati, zaweza kulingana au kuzidi. Kompyuta inayohitaji wati 65 ikichomekwa chaja ya wati 90 yenye volti zile zile haidhuriki hata kidogo, kwa sababu kompyuta ndiyo inayovuta kiasi inachotaka. Chaja haiilazimishi kunywa. Ikichomekwa chaja ya wati 45, itachaji polepole, au betri itaendelea kupungua huku waya umechomekwa, au kompyuta itapunguza kasi yake ya kazi, na chaja yenyewe itachemka. Lakini ikichomekwa chaja ya volti nyingi mno, hapo ndipo moshi unapotoka. (Nusu volti iliyopo kati ya 19 na 19.5 mafundi huivumilia, hatuzungumzii hiyo.)

Kwa hiyo anayeomba “moto mkubwa” aweza kupewa wati nyingi, akarudi nyumbani salama; na aweza kupewa volti nyingi, akarudi kwa fundi. Neno ni moja, bahati ni mbili.

Mtu angetazamia kwamba mwongozo ulioandikwa na wasomi ungetenganisha yaliyochanganywa sokoni. Haukufanya hivyo. Ulichofanya ni kuliondoa neno moto, ambalo pengine waandishi waliliona la mitaani, na mahali pake pote kuweka nguvu. Tumehesabu maana nne za nguvu katika maandiko hayo mafupi: mara volti, mara wati, mara kiasi cha umeme kilichohifadhiwa ndani ya betri, na mara umeme wenyewe unaotoka ukutani. Matokeo yake ni kwamba katika ukurasa mmoja mwalimu anaagizwa atafute chaja yenye nguvu sawa kabisa na ile ya awali, na katika ukurasa unaofuata anaambiwa kuwa chaja yenye nguvu zaidi haina madhara. Mwalimu yeyote makini ataona kuwa mwandishi anajipinga. Kumbe hajipingi: agizo la kwanza lilihusu volti, la pili lilihusu wati. Yote mawili ni kweli katika lugha yalikotolewa. Yameondolewa ukweli wake na mfasiri aliyetumia neno moja kwa mambo mawili.

Yupo atakayesema kwamba tatizo hili lilikwisha kutatuliwa, kwani vitabu vyetu vya sayansi vimetenganisha kani na nishati na nguvu, na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia tangu mwaka 1990. Hatukatai. Lakini fizikia katika shule zetu za sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwananchi aliyefika Kidato cha Nne huupata utengano huo kwa lugha nyingine. Akija dukani Tandika, nguvu kwake ni ile anayobebea gunia. Wala tusisahau kwamba majirani zetu wa Kenya wana Wizara ya Kawi hali sisi tuna Wizara ya Nishati, na maandiko ya vyombo hivi huvuka mpaka bila kuuliza.

Rai yetu ni kwamba hapa mfasiri asihangaike kutafuta jina la dhana. Ataje kipimo chake. Aandike chaja ya wati 65, yenye volti 19.5, basi. Wananchi wameyazoea hayo kwa muda mrefu. Hakuna mama wa nyumbani anayeomba taa “yenye nguvu ya kiasi fulani”; huomba taa ya wati tisa, na muuzaji humpa. Wati ni neno la Kiswahili kwa sababu limekaa kwenye balbu, na lililokaa kwenye balbu halihitaji kukaribishwa na sisi.

Hali kadhalika kwa wati-saa, kipimo cha umeme uliomo ndani ya betri, ambacho mwongozo umekiruka kabisa, pengine kwa kuogopa ugumu wake. Ugumu uko wapi? Kila nyumba yenye mita ya LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, hununua uniti, na uniti moja ni wati-saa 1000. Betri ya kompyuta iliyoandikwa wati-saa 50 hubeba sehemu moja ya ishirini ya uniti. Ukiacha umeme unaopotea kwa njia ya joto, uniti moja yaweza kuijaza betri hiyo mara ishirini. Mwalimu wa hesabu wa darasa la sita angeweza kulifanya somo zima. Jina LUKU lenyewe ni mfano tungependa uigwe: halikutafsiriwa kutoka popote, lilitungwa kwa Kiswahili, likaja pamoja na mita, likabaki. Ndivyo ilivyokuwa kwa kishikwambi pia. Kwa muda kilikuwa neno la wachache, hata Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 ilipofanywa kwa vishikwambi na baadaye vyombo hivyo kugawiwa walimu, neno likaingia mikononi pamoja na kitu. Istilahi haipendwi kwa uzuri wake peke yake.

Kuhusu kibandiko cha chaja tutasema machache. Kila chaja ina mistari miwili: mmoja unaeleza umeme unaoingia kutoka ukutani, ambao kwa kawaida huandikwa volti 100 hadi 240, na mwingine unaeleza umeme unaotoka kwenda kwenye kompyuta. Huo wa pili ndio wa kulinganisha. Mwongozo umeyaita mambo haya ingizo na pato. Ingizo twaweza kulistahimili. Lakini pato kwa karani wa serikali ni fedha, tena fedha inayokatwa kodi. Kwa nini kusiandikwe “umeme unaoingia” na “umeme unaotoka”? Wapo wafasiri wanaoamini kuwa istilahi sharti iwe neno moja, kana kwamba Kiswahili hakina ruhusa ya kutumia vishazi. Upungufu mkubwa zaidi ni kwamba mwongozo haukusema mstari upi usomwe. Msomaji akiusoma ule wa kwanza, chaja zote za dunia zitaonekana sawa, kwa kuwa karibu zote huandikwa 100 hadi 240, ili zifae volti 230 zetu na za wengine.

Tuje kwenye afya ya betri. Msemo huu umeenea upesi, nasi hatuna chuki nao kama msemo. Tunachokihoji ni maana unayoileta. Katika Kiswahili, asiye na afya aweza kutibiwa akaipata tena. Ndiyo maana wenye betri zilizopungua hutafuta dawa: wapo wanaolipia kuwekewa programu za kuitibu, na wapo wanaoiacha iishe chaji kabisa mara kwa mara ili “izoee”. Betri ya lithiamu haina matibabu ya namna hiyo. Kila ijazwapo na kutumika hupoteza sehemu ndogo ya uwezo wake, na kilichopotea hakirudi. Ikiwa ilitoka kiwandani na wati-saa 50 na leo ikijaa haipati zaidi ya 35, imebakiwa na asilimia 70, na mwakani itakuwa pungufu zaidi. Hali hiyo Kiswahili kina neno lake: kuchakaa. Nguo huchakaa, tairi huchakaa, wala hakuna anayeipeleka tairi hospitali. Tunapendekeza uchakavu wa betri mahali ambapo mwongozo unaeleza upungufu huo. Na kwa kile kinachobaki tungechagua akiba badala ya ujazo, maana ujazo umekwisha kupewa kazi katika hisabati. Mafundi nao husema betri “haikai na chaji”. Maelezo hayo ni sahihi kuliko afya, nayo hayamdanganyi mtu.

Hatari ya neno afya inaonekana zaidi katika mashauri yanayoambatana nalo. Mwongozo unawaagiza walimu waache betri iishe kabisa kabla ya kuichaji. Shauri hilo lilikuwa na maana kwa betri za nikeli na kadimiamu za miaka ya nyuma. Betri za lithiamu, zilizoanza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991 na kuwapatia wavumbuzi wake watatu Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2019, hupendelea kinyume chake: zisishuke mara kwa mara chini ya asilimia 20, na zisikae siku nyingi zikiwa zimejaa pomoni. Adui wao mkubwa ni joto. Kwa mkaaji wa Mbagala au Tegeta, chini ya bati mwezi wa Januari, sentensi moja ya kumkataza kuchajia kompyuta juu ya godoro ingemfaa kuliko aya mbili za afya. Sentensi hiyo haimo.

Juu ya kichaji, ambalo mwongozo umelitumia mara moja na kulisahau, hatuna ugomvi. Limeundwa vizuri, kwa mfano wa kipimo na kifungo. Lakini chaja imekwisha kushinda, na mwandishi achague moja.

Limebaki jambo ambalo mwongozo umelijaribu kwa ujasiri, nasi tunalisifu hata kama hatukubaliani na neno. Kompyuta nyingi za sasa hazitumii tena pini ya duara bali taipu-C, na sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2022 iliyoanza kwa simu tarehe 28 Desemba 2024 imeziwekea kompyuta mpakato tarehe 28 Aprili 2026. Katika taipu-C mnunuzi hana haja ya kulinganisha volti, kwa sababu chaja na kompyuta huafikiana zenyewe: chaja hutaja volti ilizo nazo, kwa mfano 5, 9, 15 na 20, na kompyuta huomba moja. Mnunuzi hubakiwa na hesabu ya wati tu, pamoja na kuangalia kama waya wenyewe waweza kuzipitisha. Mwongozo umeliita tendo hilo majadiliano. Majadiliano hufanywa na kamati, na kamati yaweza kuvunjika bila uamuzi. Yafanyikayo kati ya chaja na kompyuta ni yale yafanyikayo kila asubuhi katika soko la Tandika: muuzaji anataja alicho nacho, mnunuzi anasema anachokitaka, wanapatana. Neno ni mapatano. Pale yasipopatikana, chaja hubaki kwenye volti 5 zake za mwanzo, na kompyuta nyingi hazitachaji.