Maji Yanapanda Lini? Uchambuzi wa Somo la Mshumaa na Bilauri

Jaribio lenyewe ni la kawaida kabisa. Mshumaa unasimamishwa katikati ya sahani yenye maji, unawashwa, kisha unafunikwa kwa bilauri. Muda si mrefu mwali unafifia, unazimika, na maji yanapanda ndani ya bilauri. Ukilitafuta kwenye simu utakuta video zake chungu nzima, na nyingi zina maelezo yaleyale: mshumaa umekula oksijeni, oksijeni ni takriban sehemu ya tano ya hewa, basi maji yamepanda kujaza nafasi iliyoachwa wazi. Ni maelezo mafupi, yanakumbukika, tena yana hesabu ndani yake. Ila si sahihi.

Kosa hili lina umri. Philo wa Bizanti alishalieleza jaribio la aina hii karne ya 3 kabla ya Kristo, naye akadhani kuna hewa inayopotea kwa sababu ya moto. Wazo lililodumu kiasi hicho haliondoki kwa kuambiwa tu, na ndiyo sababu nimelichagua: linaonyesha vizuri video inaweza kufundisha nini, na ni wapi inampumbaza mtazamaji.

Tuanze na kinachotokea hasa. Unapoishusha bilauri juu ya mwali, hewa iliyomo inapata joto na kutanuka kabla ukingo haujagusa maji, na sehemu yake inatoroka. Ukikaza macho utaona hata viputo vikitoka chini ya ukingo katika sekunde za mwanzo. Hewa inayobaki ni kidogo kuliko ile iliyokuwamo bilauri ikiwa baridi, lakini joto linaifanya ijaze nafasi yote. Mwali ukizimika, hewa hiyo inapoa na kusinyaa, mgandamizo wa ndani unashuka, na hewa ya nje inayasukuma maji yaingie. Kwa hiyo maji hayapandi hatua kwa hatua kadiri mshumaa unavyowaka. Kwa sehemu kubwa yanasubiri, halafu yanapanda kwa kasi mwali unapokufa.

Hapo nadharia ya oksijeni imeshapata kesi ya kujibu. Kama maji yangekuwa yanachukua nafasi ya oksijeni inayoliwa, yangepanda muda wote wa kuwaka na kusimama mshumaa ukizimika. Hesabu nayo inakataa. Chukua molekuli ya nta ya parafini yenye kaboni 25 na haidrojeni 52. Ili iungue yote inahitaji molekuli 38 za oksijeni, nayo inatoa molekuli 25 za kaboni dayoksaidi na 26 za maji. Mvuke wa maji utageuka matone kwenye ukuta wa bilauri, sawa, lakini kaboni dayoksaidi ni gesi. Inabaki palepale na kuyeyuka majini polepole. Hata oksijeni yote ingeisha, gesi iliyopungua ingekuwa molekuli 13 kwa kila 38, yaani karibu asilimia 7 ya hewa yote badala ya 21. Na wala haiishi: mshumaa huzimika huku sehemu kubwa ya oksijeni ingalimo.

Asiyependa hesabu aongeze mishumaa. Weka mitatu chini ya bilauri ileile. Oksijeni ni ileile, haijaongezeka hata chembe, ila maji yanapanda juu zaidi, kwa sababu joto limezidi na hewa iliyofukuzwa mwanzoni ni nyingi zaidi. Jaribio hili la pili mtoto wa darasa la sita analiweza, na ndilo linalokosekana kwenye video nyingi nilizotazama.

Kwa nini linakosekana? Kuna watengenezaji wasiojua, bila shaka. Lakini namna ya kupiga na kuhariri picha nayo ina lawama. Kamera inawekwa juu, ili mkono na mwali vionekane vizuri. Ukingo wa bilauri, ambako viputo vinatokea, unafichwa na mdomo wa sahani. Maji hayatiwi rangi. Kisha ule muda wa kungoja unakatwa ili mtazamaji asichoke, tunaruka kutoka mwali unaowaka hadi maji yaliyokwisha kupanda. Yaani ushahidi wote unaoweza kuiangusha nadharia ya oksijeni umeachwa nje ya video, na sauti ya msimulizi inaziba pengo. Ukitaka kupiga jaribio hili kwa haki, telemsha simu iwe usawa wa sahani, tia rangi kidogo kwenye maji, chora mistari kwa maka ubavuni mwa bilauri, na usikate popote. Sekunde hizo zinazochosha ndizo somo.

Hata hivyo, video iliyo sahihi nayo inaweza isifundishe kitu. Derek Muller, ambaye wengi wanamfahamu kwa chaneli ya Veritasium, aliandika tasnifu yake ya udaktari Chuo Kikuu cha Sydney mwaka 2008 kuhusu jambo hilihili. Aliwaonyesha wanafunzi wa fizikia video fupi kuhusu sheria za Newton. Kundi moja lilitazama maelezo yaliyonyooka, yasiyo na kosa. Wanafunzi wakasema yameeleweka, ni rahisi. Kwenye mtihani wa maswali 26, wastani wao ulikuwa 6 kabla ya kutazama na 6.3 baada yake. Kundi jingine lilitazama mazungumzo: mwanafunzi anatoa dhana yake potofu, wanaijadili, inavunjika. Hao walilalamika kwamba video inachanganya, lakini wastani wao ulifika 11. Anayetazama maelezo laini huona yanafanana na anachokiamini tayari, hata kama yanapingana nacho, kisha anaondoka na imani yake ileile, safari hii akijiamini zaidi.

Wala tusidhani jaribio la mbele ya darasa linaukwepa ugonjwa huo. Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao walilipima suala hili Harvard na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Wanafunzi walioangalia tu mwalimu akifanya jaribio hawakuwazidi sana wale ambao hawakuliona kabisa. Waliotakiwa kubashiri kwanza kitakachotokea ndipo waangalie, walielewa zaidi. Gharama ya kubashiri ilikuwa dakika mbili hivi za kipindi. Ubongo Kids, katuni ya Kiswahili iliyoanza Dar es Salaam mwaka 2014, ilikwenda njia hiyo kwa vifaa vilivyopo nyumbani: watoto waliulizwa maswali wakiwa mbele ya televisheni na kujibu kwa SMS. Mimi naona ule ujumbe mfupi una thamani kuliko michoro, na michoro yenyewe ni mizuri.

Basi somo la mshumaa lipangweje kwa darasa la wanafunzi themanini, simu moja na projekta ya kuazima? Ningeanza na ile video yenye kosa, niisimamishe mwali ukiwa bado unawaka. Kila mmoja aandike kwenye daftari: maji yatapanda lini, na mishumaa mitatu itayapandisha kiasi gani? Aandike, maana jibu la mdomoni hubadilishwa upesi matokeo yakionekana. Kisha wakae vikundi, bilauri isiyopasuka kwa joto iliyochorwa mistari ubavuni, sahani, mishumaa, mwalimu akizunguka na kiberiti yeye mwenyewe. Mwanafunzi mmoja katika kila kikundi asishike chochote. Kazi yake ni kuhesabu sekunde kwa sauti. Video ya pili, ile isiyokatwa, ije mwisho, ichezwe polepole kwa ajili ya kitu kimoja ambacho macho hukikosa: viputo.

Matokeo ya vikundi hayatalingana, na hapa walimu wengi huingiwa na hofu. Kikundi kimoja maji yatafika mstari wa pili, kingine hayatafika hata wa kwanza, na mshumaa ni wa pakiti moja. Kwa mwenye jibu la sehemu ya tano, kikundi kimojawapo kimekosea na kinaambiwa kirudie. Lakini waulize waliishushaje bilauri. Waliopata maji mengi huenda waliishikilia juu ya mwali kwa muda, wakisitasita, na hewa ikapata nafasi ya kupata joto na kutoka. Wenzao walifunika kwa pupa. Wabadilishane: hawa wafunike haraka, wale wahesabu hadi kumi bilauri ikiwa juu ya mwali kabla ya kuishusha, ndipo wapime tena kwa mistari ileile.