Ufundi wa Kugeuza Jani

Mtunza maua hodari hutambuliwa kwa vidole vyake. Akifika mbele ya mmea, hata kabla hajausifu, kidole gumba na cha shahada vimeshalishika jani la chini kabisa na kulipindua. Upande wa juu wa jani ni wa kuwaonyesha wageni. Wadudu hukaa upande wa chini, penye kivuli na ngozi laini, ambapo jua haliwachomi na maji ya kumwagilia hayawafikii.

Bujumbura ina watu wenye mkono huo kila mtaa. Wako kwenye vitalu vya kando ya barabara, kwenye sebule za Rohero na Kiriri, kwenye baraza za Buyenzi ambako mikrotoni na mishubiri humea ndani ya ndoo zilizopasuka na makopo ya rangi. Wengi wao hawakusomea kilimo popote. Wamefundishwa na kutazama, na ustadi wao haujapewa heshima unayostahili.

Kipimo chao kikubwa ni utitiri. Kuanzia Juni hadi Septemba mvua hukatika, vumbi la barabarani huingia hadi madirishani, na joto la kando ya Ziwa Tanganyika halipungui sana. Huo ndio msimu wake. Utitiri ana miguu minane, ni jamaa ya buibui, na urefu wake ni kama nusu milimita tu, kwa hiyo jicho huona kazi yake kabla ya kumwona mwenyewe: jani limejaa vitone vilivyopauka, kana kwamba limedungwadungwa kwa ncha ya sindano. Hapo fundi hukinga karatasi nyeupe chini ya jani, akaligonga mara mbili tatu, akatulia. Chembe zikibaki pale zilipoangukia, ni vumbi. Zikianza kutembea, ni utitiri. Ukishaona utando mwembamba kati ya jani na kikonyo chake, jua kwamba umechelewa kidogo, maana kwenye joto kama letu yai hufikia kuwa mzazi kwa muda wa wiki moja hivi.

Dawa ya kwanza ni maji matupu. Mmea hutolewa nje jioni, ukainamishwa, majani yakasuuzwa kwa chini mpaka vumbi na utando viondoke. Maji yasipotosha, huja sabuni: kijiko kimoja cha chai cha sabuni laini ya maji kwa lita moja ya maji, wala si sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa hiyo huunguza majani. Hujaribiwa kwanza kwenye jani moja, na mwenye mmea husubiri hadi kesho yake kabla ya kupaka mengine. Wala haipakwi jua likiwa kali.

Sasa hapa ndipo mtu hodari anapotengana na mwenye pupa. Sabuni huua mdudu iliyemgusa ikiwa bado mbichi. Ikikauka, nguvu yake imekwisha. Mayai mengi huyaacha salama. Mwenye pupa huosha leo, akaona wadudu wamekufa, akashukuru, na baada ya wiki hukuta wengine wapya. Hodari huosha, halafu huosha tena baada ya siku tano au saba, kisha mara ya tatu, hata kama haoni kitu, ili awakute walioanguliwa kabla hawajafika umri wa kutaga. Nimemsikia muuza miche akimwambia mteja aliyekwishatoa pesa: "Mama, huu usiuchukue leo, una wageni. Rudi baada ya wiki mbili." Alikosa mauzo ya siku hiyo. Kwangu mimi huo ni ufundi uliokamilika.

Vidung'ata nao hujificha kwenye makwapa ya majani, wamejifunika unga mweupe mithili ya pamba. Mara nyingi sisimizi ndio wanaowataja. Vidung'ata na vidukari hunyonya utomvu na kutoa majimaji matamu, sisimizi huyafuata na huwalinda wenyeji wao dhidi ya maadui. Kwa hiyo msururu wa sisimizi ukipanda chungu cha maua, usiwafagie tu: fuata wanakokwenda. Jani linalonata, au ukungu mweusi unaofanana na masizi juu yake, ni ushahidi uleule. Vidung'ata wakiwa wachache, huondolewa mmoja mmoja kwa kijiti chenye pamba iliyochovywa kwenye spiriti ya hospitali.

Jamii hiyohiyo ya wadudu iliwahi kutishia chakula cha sehemu kubwa ya Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kidung'ata wa muhogo aliingia Kongo kutoka Amerika Kusini, akaenea nchi baada ya nchi kwa sababu maadui zake walibaki kwao. Watafiti walipekua mihogo katika nchi kadhaa za Amerika mpaka wakampata nchini Paraguay mwaka 1981, pamoja na nyigu aitwaye Anagyrus lopezi, mwenye urefu usiozidi milimita 2, ambaye hutaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Hans Rudolf Herren na wenzake wa IITA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Ibadan, Nigeria, walimzalisha na kumwachia mashambani, na mwaka 1995 Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani. Ndiyo maana watunza maua wenye busara hawakimbilii sumu kali: huua pia nyigu, buibui na mbawakawa wadogo wenye madoa wanaokula vidukari, na utitiri hurudi akiwa hana wa kumzuia.

Vile vijidudu vyeusi virukavyo juu ya udongo havihitaji dawa. Vinaletwa na maji mengi. Acha sentimita mbili tatu za juu zikauke kabla ya kumwagilia tena. Ukitaka kuhakikisha, laza kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, ukifunue baada ya siku mbili tatu uone kama funza wamejikusanya chini yake.

Na ukinunua mmea mpya wiki hii, hata kama umeupata kwa muuzaji unayemwamini, uweke peke yake kwa wiki mbili au tatu, mbali na ile uliyonayo, na ugeuze majani yake kila unapoumwagilia. Wadudu wengi wa nyumbani hawaingii kwa dirisha. Huingia mikononi mwetu, kwenye mmea tulioupenda sokoni.