Aliyejenga na Aliyejengesha

Katika habari zinazoandikwa za majengo mashuhuri ya mwisho wa karne ya 17, limo kosa moja la lugha lililozoeleka hata halitambulikani tena kuwa ni kosa. Husemwa kwamba Imamu Bil'arab bin Sultan, aliyetawala Omani tangu 1679 hata 1692, alijenga ngome ya Jabrin. Na kwamba watawala wa Omani, baada ya kuitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, walijenga Ngome Kongwe ya Unguja. Kiswahili hakikupungukiwa na njia ya kusema kweli. Mwenye mali na amri alijengesha. Aliyejenga ni mwashi.

Tofauti hii si ndogo. Kanisa la Mtakatifu Paulo la London, lililoanza kujengwa 1675, hutajwa pamoja na Christopher Wren aliyelisanifu. Pwani, jina la fundi limepotea. Ngome Kongwe ilisimamishwa penye kanisa la Wareno, na neno gereza, litokalo katika neno la Kireno lenye maana ya kanisa, lingali likikumbusha habari hizo. Mwashi hakuachiwa hata neno. Kitenzi kikimpa mtawala kazi ya mwashi, msomaji hadhani kabisa kwamba lipo jina lililopotea.

Kosa hili lina ndugu yake bara. Kwa kuwa umashuhuri hupimwa kwa jiwe, Bariadi na nchi yote ya Simiyu huachwa nje ya habari za karne hiyo. Lakini Msukuma husema kuzenga, na nyumba huiita numba: ni maneno yale yale ya asili ya Kibantu, yenye umri kuzidi ngome zote hizo. Msonge wa miti, udongo na nyasi hauwezi kungoja miaka mia tatu. Hata hivyo, kudumu kwa jiwe si kipimo cha ustadi. Tena huko mwenye nyumba mwenyewe alishika kazi pamoja na jirani zake. Kwake yeye, "alijenga" ni neno la haki.

Mwanafunzi wa Bariadi afundishwapo kwamba Imamu alijenga, hufundishwa makosa mawili: kwamba mwenye kuamuru ndiye mjenzi, na kwamba wazee wake, kwa kuwa hawakuwa na Imamu, hawakujenga. Kusahihisha kitenzi hakutarudisha majina ya waashi. Walau mahali pao pataachwa wazi, pasikaliwe na mwingine.