Nani ametengeneza gesi iliyo kisimani?

Nitrati inayochuja kutoka mashamba yenye mbolea nyingi hushuka hadi maji ya ardhini, na huko huzaa oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 hupasha dunia joto takriban mara 273 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Kupima kiasi chake si kazi kubwa. Kazi ni kumjua aliyeitengeneza: bakteria wanaooksidisha amonia penye hewa, au wale wanaopumua nitrati oksijeni inapokwisha?

Ushahidi umo ndani ya molekuli yenyewe. Atomu zake zimejipanga mstari mmoja: nitrojeni, nitrojeni, oksijeni. Nitrojeni nzito, ya uzito wa 15 badala ya 14, huweza kukaa katikati au pembeni. Mwaka 1999 Sakae Toyoda na Naohiro Yoshida wa Japani walieleza namna ya kupambanua nafasi hizo: molekuli ikipasuliwa ndani ya spektrometa ya uzito, kipande cha uzito wa 30 au 31 huwa, mara nyingi, kimebeba nitrojeni ya katikati. Linganisha nafasi hizo mbili, upate tofauti. Maabara ilionyesha kwamba bakteria wa amonia huacha tofauti ya takriban 33 kwa elfu, na wa nitrati karibu na sifuri.

Laiti ardhi ingetii maabara! Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, Reinhard Well na wenzake walipima maji kwenye matabaka mawili ya mchanga ambako nitrati ilikuwa ikiliwa. Tofauti ilianzia takriban 2 ikafika karibu 98. Hakuna kundi kati ya yale mawili linalozalisha gesi yenye tofauti kubwa hivyo.

Sababu ni kwamba bakteria wa nitrati huila pia gesi yao, wakiigeuza nitrojeni ya kawaida. Kiungo cha oksijeni na nitrojeni ya katikati hukatika upesi zaidi nitrojeni hiyo ikiwa nyepesi, kwa hiyo molekuli zinazosalia ni hasa zile zenye nitrojeni nzito katikati. Tofauti hupanda kadiri gesi inavyoliwa, na njiani hupita palepale kwenye 33. Atakayechota sampuli wakati huo atawasingizia bakteria wa amonia, na mimi naona hili ndilo tundu kubwa la mbinu hii ikitumiwa peke yake.

Watafiti wale waliongeza shahidi wa pili: argoni. Huyeyuka katika maji pamoja na nitrojeni ya hewani kwa uwiano unaotegemea joto, wala hakuna bakteria anayeitengeneza au kuila. Kwa hiyo argoni huonyesha nitrojeni iliyoingia na hewa. Iliyozidi hapo ni mabaki ya nitrati iliyoliwa. Ziada hiyo ilikuwa, kwa wastani, miligramu 3.5 na 4.3 kwa lita katika matabaka hayo mawili. Hapo ndipo kila sampuli ya gesi ingeweza kusomwa pamoja na historia ya maji yake.

Walitumia pia visima vinne vya kuchota kwa vina mbalimbali, kwa kuwa pampu inayovuta maji ya juu na ya chini kwa pamoja huchanganya gesi changa na iliyokwisha kuliwa.