Ushahidi wa Mizani

Pipeti ya mililita 25 haiwezi kujihakiki. Mstari uliochorwa shingoni mwake ni ahadi ya kiwanda, na anayeipima ahadi hiyo ni mizani.

Kazi hii inataka utulivu, nami naipenda kuliko kazi zote za maabara ya kemia. Maji yaliyokenekwa huachwa mezani hadi yalingane joto na chumba. Kichupa kikavu chenye kifuniko hupimwa kikiwa kitupu. Maji huvutwa kwa kipira hadi yapite mstari, kisha hushushwa taratibu mpaka kitovu cha upinde wake kiuguse, jicho likiwa usawa nao. Ncha hupanguswa, ikaegemezwa kwenye ukuta wa kichupa, na maji yakaachwa yashuke yenyewe. Tone linalobaki nchani halipulizwi, mtengenezaji alishalihesabu. Kifuniko hurudishwa upesi, maana kila mvuke unaotoroka ni uzito uliopotea.

Tuseme uzito umeongezeka gramu 24.91, na kipimajoto kinasoma nyuzi 25 za Selsiasi. Kwa joto hilo mililita moja ya maji ina gramu 0.997. Ukigawanya, unapata mililita 24.98. Wengi hufunga daftari hapo, kumbe ustadi ndio kwanza unaanza. Hewa ya chumbani nayo inayabeba maji kidogo, hivyo mizani husoma pungufu, takriban miligramu moja kwa kila gramu. Ukiirudisha hesabuni, jibu linakuwa 25.01. Tofauti hiyo haifiki hata tone moja, lakini inakaribia mililita 0.03, yaani kosa lote ambalo pipeti ya daraja A ya ukubwa huo inaruhusiwa kuwa nalo. Ni nani asiyeiheshimu hewa baada ya hapo?

Kwa vimiminika vizito, mizani haina mpinzani. Gliserini hung'ang'ania kioo kama asali: ukisoma mililita 10 kwenye silinda, hazitoki zote. Fundi mzoefu huweka bika juu ya mizani, akairudisha sifuri, akamimina hadi gramu 12.6, kwa kuwa kila mililita ina gramu 1.26. Kilichobaki ukutani mwa chombo alichotumia kumimina hakimhusu tena.

Ndiyo maana shule yenye pipeti chache, lakini yenye mizani nzuri na jedwali la msongamano linaloonyesha joto la kila kipimo, naiona ina uwezo mkubwa. Ethanoli ina gramu 0.789 kwa mililita kwenye nyuzi 20, na 0.785 kwenye 25. Namba isiyoandikiwa joto lake siitumii.