Picha Iliyosimama: Maonyesho ya Kati katika Matoleo Mawili ya Command & Conquer

Mhakiki wa tamthilia hapati taabu kutofautisha mchezo ulioigizwa jukwaani na ule uliosomwa redioni, hata kama maneno ni yale yale. Tofauti ya namna hiyo hujitokeza yanapolinganishwa matoleo mawili ya Command & Conquer, mchezo wa mikakati ya vita uliotolewa na Westwood Studios mwaka 1995. Katika toleo la tarakilishi, baina ya pigano na pigano, mchezaji hutazama filamu fupi zilizoigizwa na watu halisi. Toleo la Nintendo 64, la mwaka 1999, liliuzwa katika katriji, chombo kisichoweza kubeba hata sehemu ya kumi ya yaliyomo katika diski. Filamu ziliondolewa, zikabaki sauti na picha mnato.

Yamkini mtu akadai kwamba hasara hii ni ya kiufundi tu na kwamba hadithi haikuguswa. Dai hilo halina mashiko. Kane, kiongozi wa Udugu wa Nod, aliigizwa na Joseph Kucan, ambaye ndiye pia aliyeziongoza filamu hizo. Katika toleo la tarakilishi, Seth, msaidizi wa Kane, anampa mchezaji maagizo. Kabla hajamaliza, anapigwa risasi ya kichwa, naye Kane anaketi mahali pake. Hakuna msimulizi anayefafanua. Kane anamkazia macho mchezaji, mhusika asiye na jina wala sauti, na kimya cha mchezaji huyo kinageuka kuwa utii. Uigizaji wenyewe wakati mwingine umetiwa chumvi mno, na picha zina chengachenga. Lakini utendaji upo.

Jambo zito zaidi limo katika msuko. Kwa upande wa jeshi la GDI, taarifa ya habari ya televisheni inalishutumu jeshi hilo kwa kuwaua raia mjini Białystok, Poland, na Umoja wa Mataifa unalikatia fedha. Shutuma hiyo ni uzushi wa Nod. Hadithi, basi, inahusu uwezo wa picha inayokwenda kudanganya, na mtazamaji hunaswa kwa sababu naye ameiona taarifa kwa macho yake kama walivyoiona walimwengu. Picha ikisimama, uongo huo huwa habari ya kusimuliwa: mchezaji anaarifiwa kwamba wengine wamedanganywa, ilhali yeye mwenyewe hakudanganywa.

Ieleweke kwamba kosa si la mashine za michezo kwa jumla. Matoleo ya PlayStation na Saturn, yaliyotumia diski, yalizihifadhi filamu. Aidha, toleo la katriji lina fadhila zake: sauti bila tendo humwachia msikilizaji nafasi ya kujijazia, kama afanyavyo hadhira ya mchezo wa redio. Kinaya ni kwamba toleo hilo hilo liliupa uwanja wa vita kina cha pande tatu, vifaru vikapanda vilima vya umbo halisi, huku nyuso za wanaovituma vitani zikigandishwa.

Toleo lililokarabatiwa mwaka 2020 limezirejesha filamu, zikiwa zimekuzwa kwa msaada wa tarakilishi. Mtafiti atakayelitegemea hilo peke yake atahakiki tamthilia, ilhali waliocheza kwa katriji mwaka 1999 walipokea usimulizi.